Jogoo Aliyerudishwa Kishapu

Kishapu,
Jumanne, 3 Juni 2025

Mama Sufiani,

Salamu zetu zimejaa vumbi, zipokee hivyo hivyo. Tulitua Shinyanga jana salama, gari likatuleta huku kwa mama.

Simu nimeizima na kuificha kwenye begi. Jana nilipokupigia kukwambia tumefika, Aneth alisikia sauti yako, akaigeuza simu akakutafuta upande wa nyuma, akakukosa, akalia mpaka akatapika. Mpaka atulie, tuandikiane. Mabula, konda wa basi la Geita, atakuletea hii mkononi.

Safari ilikwenda hivi. Kiti chake cha gari nilikifunga kando yangu pale mbele, hedifoni ya watu wazima kichwani, na juu yake ile kofia uliyomfumia, isidondoke. Tulipokuwa juu ya mashimo ya wachimbaji alikuwa kimya, katoa macho. Tulipofika kwenye mbuga akaanza kutafuta mlango. Kindege cha viti vinne hakina pa kumtembeza mtoto. Mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine umeshika mguu wake, huku unaimba. Mimi kuimba unanijua. Wakati wa kushuka masikio yalimuuma, nikampa chupa, akaitupa chini ya miguu yangu, mahali ambapo rubani hataki kabisa kuona chupa.

Nakiri ni mtoto mdogo kwa safari ndefu namna hii. Lakini kazi ya kupima madini Geita imekwisha, mwenye ndege anaitaka Songea, na mimi nakwenda inakokwenda ndege. Dada yangu Bernadina yuko huko, atanisaidia kulea. Unayajua yote haya. Nayarudia kama mtu anayejitetea mbele ya baraza.

Sasa jambo la furaha. Nilimsimulia mama jinsi mke wangu Lusia alivyofariki mtoto akiwa mchanga, na jinsi wewe ulivyomchukua ukampa ziwa pamoja na Sufiani, huyu kulia, huyu kushoto. Mama alipiga magoti, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, mpaka nikaona haya. Kisha akainuka akasema nyumba yenye mwanamke wa namna hiyo haiachwi ipotee: Sufiani ndiye mume wa mjukuu wake. Nikamwambia mama, kishika uchumba huletwa na upande wa mwanamume. Akasema wakisubiri wanaume, watoto watazeeka. Basi Mabula anakuja na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kitambaa cheupe. Mpokee, mkwe wangu.

Kesho kutwa tunaruka kwenda Tabora.

Mimi mkweo,
Nkwabi


Geita,
Ijumaa, 6 Juni 2025

Baba Aneth,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kwa mama Paskazia.

Barua nimeipata, jogoo nimempata. Barua nimeiweka. Jogoo namrudisha na Mabula huyu huyu, amekula mtama na kunywa maji, wala hana kasoro. Mwambie mama namheshimu sana, ila jogoo wa uchumba siwezi kumpokea. Haifai, na sababu unaijua mwenyewe. Tena tafadhali usiniite mkwe.

Mtoto akikataa chupa usimlazimishe. Mlaze ubavu, mpapase mgongo kwa kiganja, polepole, usimpigepige kama unafukuza nzi. Uji wa ulezi uwe mwepesi. Wakati ndege inashuka mpe hata kipande cha muwa afyonze, ila umshikie wewe.

Sufiani anazunguka nyumba anamwita. Anafungua hata kabati. Baba yake Salehe aliporudi kutoka kwenye karasha yake, masikio yamejaa kelele za kusaga mawe, alisema nyumba imekuwa kimya mpaka inamtisha. Nilimjibu ale chakula.

Mimi mzima.

Mama Sufiani


Tabora,
Jumatano, 11 Juni 2025

Mkwe,

Sijui kama jogoo amefika, maana tuliondoka Kishapu kabla jibu lako halijaja. Tumekwama Tabora. Mafuta ya ndege ndogo hayapo, pipa linatoka Dodoma kwa lori, na lori nalo limeharibika njiani. Tumekaa nyumba ya wageni karibu na uwanja, mimi na mwanangu, kila mmoja anamwangalia mwenzake anangoja amfurahishe.

Nikusimulie kisa. Tulipokuwa angani, Aneth aligundua kitufe cha redio. Nilikuwa nasoma ramani, nikamsikia kwenye masikio yangu anasema, wazi kabisa, "Mama. Mama." Na kila rubani aliyekuwa hewani kati ya Mwanza na Dodoma alimsikia.  Halafu mmoja, sijui alikuwa wapi, akajibu taratibu: "Hayupo huku, mtoto mzuri. Mama hayupo huku." Nilimwondoa mkono kwenye kitufe. 

Tangu siku hiyo neno ni hilo hilo. Mama asubuhi, mama mchana. Nimefikiri sana. Sikumfundisha, na Lusia hakuwahi hata kumsikia akicheka. Labda damu inakumbuka yenyewe. Jana nilitoa picha ya Lusia nikamwambia huyu hapa mama. Aliishika, akaiangalia, akaisukuma pembeni. Kisha akapanda kifuani kwangu akaanza kuvuta vifungo vya shati, anatafuta kitu, anakasirika hakioni. Kimekatika kifungo kimoja. Nikamwacha avute.

Unajua nilichokuwa nakiwaza kabla ya safari hii? Nilijisemea, huko juu tutakuwa wawili tu. Hana pa kukimbilia, mimi sina kazi nyingine ya kuitiwa. Tukifika Songea atakuwa amenizoea, atakuwa wangu. Na kweli hana pa kukimbilia. Anakaa kwenye kiti chake ananiangalia kama abiria aliyepanda chombo kisicho chake.

Samahani kwa kukuletea majonzi. Hapa hakuna mwingine wa kumwambia.

Nkwabi


Songea,
Jumatatu, 23 Juni 2025

Kwako Bi Tabu,

Tumefika Songea. Mtoto hajambo.

Barua yako ya tarehe sita ilipokelewa na mama Kishapu, na imenifikia huku juzi ikiwa na maelezo yake. Jogoo alirudi kabla mama hajamaliza kuwasimulia majirani alikompeleka. Mama amesema katika umri wake wote hajaona zawadi inarudishwa ikiwa bado inawika. Amekaa ndani siku mbili hataki kwenda mnadani, anaogopa kuulizwa.

Umeandika haifai na kwamba sababu naijua. Nimeitafuta, nimeipata. Sisi ni watu wa kanisani na ninyi ni wa msikitini. Nilipokuwa nakula pilau kwako Idi na ninyi mnakula kwangu Krismasi, nilidhani jambo hilo tulikwisha kulimaliza. Kumbe ujirani ulikuwa na ukuta, na mimi nilikuwa nauegemea bila kujua ni ukuta. Ulikuwa ni utani wa bibi mzee juu ya watoto wanaovaa nepi. Ungeweza kucheka, ukamla jogoo, yakaisha.

Sitakuita mkwe tena, wala sitakusumbua kwa barua. Nakushukuru kwa msaada wako wote kwa mtoto.

Nkwabi Bujiku


Geita,
Jumanne, 1 Julai 2025

Baba Aneth,

Kaa chini usome, maana nimeandika nikiwa na hasira, na Salehe ameisoma akasema nipunguze. Sipunguzi.

Eti ukuta. Ukuta gani? Nani aliyeosha nguo za Lusia alipokufa? Nani aliyembeba mtoto mgongoni ukaenda kumzika mkeo? Leo nimekuwa mtu wa msikitini. Ama kweli asante ya punda ni mateke.

Nilidhani unajua. Umeishi na Waislamu Geita miaka, umekula kwetu, umekaa barazani na Salehe, nikadhani jambo dogo hili unalijua, ndiyo maana sikueleza. Sasa sikiliza. Katika dini yetu mtoto uliyemnyonyesha ni mwanao. Si kwa mfano, si kwa heshima. Ni mwanao. Salehe ni baba yake wa ziwa, na Sufiani ni kaka yake, sawa na kama nimewatoa tumbo moja. Hawaoani. Hawaoani leo, hawaoani wakiwa na mvi. Mama yako amesikia nimemnyonyesha mjukuu wake, akamtaka Sufiani kwa sababu hiyo hiyo. Ningempokea yule jogoo ningekuwa nimekubali kumwoza mwanangu kwa dada yake. Ungefurahi?

Na kuna lingine, kwa kuwa nimeshaanza. Unafikiri nilimwachisha? Sufiani nilimwachisha alipotimiza miaka miwili. Aneth hajatimiza. Wewe ulikuwa unaondoka alfajiri kwenda kurusha ndege, unarudi jioni unamkuta ameshiba, unasema mtoto huyu hana shida. Alikuwa hana shida kwa sababu alikuwa ananyonya. Alinyonya asubuhi ile ile uliyokuja kumchukua, nilikuwa nimemkumbatia ndani na wewe unapiga honi nje.

Kwa hiyo usimwonyeshe picha ya marehemu ukamwambia huyu hapa mama. Lusia apumzike kwa amani, alikuwa rafiki yangu na haki yake iko pale pale, tutamfundisha akikua. Lakini yule mtoto hewani alikuwa ananiita mimi. Kwenye shati lako ananitafuta mimi. Niliposoma barua yako ya Tabora nilikuwa jikoni, nikaacha maharage yakaungua.

Ulinipa khanga doti mbili ukasema asante kwa msaada. Khanga nzuri, sijazikata. Maziwa yalijaa wiki nzima, nikawa najikamua kwenye bakuli na kumwaga chini ya mpapai, naumwa mpaka homa. Sikukuzuia kwa sababu wewe ndiye baba, nchi nzima itakuambia una haki, na mimi mtu angeniuliza ningesema nini? Jirani. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, watu husema hivyo msibani na harusini, lakini siku ya kuondoka mtoto hakuna anayemuuliza mlezi.

Nimemaliza. Mwambie mama yako namwomba radhi kwa aibu aliyoipata. Kwako siombi.

Tabu


Songea,
Jumapili, 13 Julai 2025

Mama Sufiani,

Sikujua. Naapa sikujua. Kwetu mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake ametenda wema mkubwa, anashukuriwa, anachinjiwa, na mtoto anabaki wa mwenyewe. Nilikuwa nakuhesabu mtu mwema. Sikujua nakaa nyumba ya pili na mama wa mwanangu.

Nilimpigia mama nikamsomea barua yako yote, hata pale uliponitukana.  Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia. Alisema, "Nkwabi, kumbe nilikuwa nampeleka mjukuu wangu akaolewe nyumbani kwao." Jogoo amechinjwa. Amewaita majirani wote aliowasimulia mwanzo, wakala, akawasimulia upya.

Sasa nikwambie ukweli wa huku, maana niliandika mtoto hajambo na haikuwa hivyo. Aneth hali. Kliniki wamempima wamesema uzito umeshuka, wameniuliza maswali kwa sauti ya kumuuliza mtu mzembe. Bernadina anajitahidi, lakini anafundisha kutwa, mtoto anashinda na msichana wa kazi. Hacheki. Halii tena kama zamani, na hilo ndilo linaloniogopesha. Ninapotua jioni nakuta amekaa mkekani, ananiangalia, anarudi kwenye shughuli yake.

Nimejiuliza nilimchukua kwa ajili ya nani. Nilikuwa nasema kwa ajili yake, mtoto akae na damu yake. Si kweli. Lusia amekufa, kazi ya Geita imekwisha, na mimi niliogopa kwenda kulala peke yangu katika mji ambao hakuna anayenijua. Basi nikambeba mtoto kama mtu anavyobeba taa.

Mwisho wa mwezi ndege inakwenda Mwanza kwa ukaguzi. Nitamleta. Tutapita Mbeya, Tabora, Shinyanga tumwone bibi, kisha Geita. Usiniandalie chochote. Kaa tu nyumbani.

Nkwabi


Songea,
Jumanne, 5 Agosti 2025

Mama Sufiani,

Nimerudi, ndege imepita ukaguzi, mimi pia naweza kusema nimepita.

Sikuweza kusema mengi pale mlangoni kwako. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Tabora. Halafu Aneth akaiona khanga yako kwa mbali, akajirusha kutoka mikononi mwangu nusura nimwangushe. Aliingia ndani ya khanga yote, na Sufiani akaingia nyuma yake, nikabaki na mfuko wa nepi mkononi naongea na visigino vyao. Salehe ndiye aliyenionea huruma akanikaribisha chai. Sikuinywa kwa sababu ningelia ndani ya kikombe cha mtu.

Kurudi nilikuwa peke yangu. Nimerusha ndege peke yangu karibu maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kuona kama kuna nafasi nyingi mle ndani. Kiti chake sijakitoa. Juzi mhandisi mmoja alitaka kukaa mbele, nikamwambia pale pameharibika, akae nyuma.

Huku nakwenda kazini, narudi, nakula kwa Bernadina, nalala. Jumapili nakwenda kanisani mapema nipate kiti cha mwisho. Watu ni wema. Wananiuliza nina watoto wangapi, nasema mmoja, wananiuliza yuko wapi, nasema yuko kwa mama yake. Wanatikisa kichwa, wanadhani tumeachana.

Nina swali moja, na naomba unijibu kweli, usinifiche kwa huruma. Nilipotoka kwako asubuhi ile nilipita juu ya nyumba yenu kama tulivyokubaliana. Najua mlinisikia. Je, alilia? Baada ya hapo amewahi kunililia, hata mara moja?

Nauliza kwa sababu nimekwisha kuamua. Kama hajanililia, basi mimi ni mtu aliyemsumbua tu. Nitakuachia umlee moja kwa moja, nitaleta matumizi yake, nitakuja kama mjomba anavyokuja, na sitamng'oa tena popote. Nitaandika hivyo kwa mkono wangu, na Salehe awe shahidi. Lakini nataka nijue kwanza.

Nkwabi


Geita,
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Baba Aneth,

Watoto wazima. Aneth anakula, mashavu yameanza kurudi. Anampiga Sufiani, Sufiani anamshitaki kwangu, na mimi nawapiga wote kwa usawa.

Umeuliza. Asubuhi ile ndege yako ilipopita juu yetu, hakulia. Sufiani ndiye aliyekimbia nje akapunga mkono. Aneth alikuwa ananyonya, hata macho hakuyafumbua. Siku iliyofuata hakulia. Wiki ile nzima hakulia.

Barua yako ilipofika niliisoma peke yangu, nikaikunja, nikakaa nayo. Sitakudanganya, nilifurahi. Nilisema kumbe Mungu anajua kulipa. Ningekuandikia hakulia, nikaishia hapo, na isingekuwa uongo. Ungeniachia mtoto, na mtu wa kunilaumu asingekuwepo. Nilichukua hata kalamu.

Jumapili ilipita ndege. Si yako, ilikuwa juu sana, inakwenda zake. Aneth alikuwa uani anachezea maji ya kuoshea vyombo. Akainua kichwa. Akasema, "Baba." Ikapita. Akangoja. Akaja kwangu akanishika khanga akanivuta mpaka getini, akanionyesha barabara ile uliyotokea na mfuko wako wa nepi, anasema baba, baba, na mimi namwambia baba yuko kazini. Akaanza kulia. Nilimbeba, nikamwimbia, nikampapasa mgongo. Nikampa ziwa. Akalisukuma.

Hajawahi kulisukuma tangu nilipompokea kutoka kwa marehemu. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nikakaa naye kizingitini, yeye anakulilia wewe, mimi namlilia yeye. Jana amelia tena. Leo tena.

Salehe anasema marubani wanatafutwa Mwanza, na kuna vyumba viwili vya kupanga nyuma yetu. Mimi sijui mambo ya kazi yako. Nimekujibu ulichouliza. Njoo umchukue, au njoo ukae. Ila njoo.

Tabu